Mama Zawadi Amepanda Migomba

Kashebere, Alhamisi, Januari 1966

Ukungu umekataa kuondoka mpaka saa nne, kisha jua likatoka ghafla na kututia jasho. Mikono imechoka, kucha zimejaa udongo, lakini moyo wangu umetulia. Leo nimefanya jambo ambalo hapa nyumbani watalisema wiki nzima.

Waseme.

Jana tulimaliza kupura maharage. Kwa watu wengine hiyo ni habari njema. Kwa Mama Zawadi ilikuwa amri ya kuondoka.

Mama Zawadi ni mjane. Alitufikia mwanzo wa mvua akitoka Burungu na watoto wake, nyumba yake imechomwa katika vurugu za kule Masisi. Nilimpa jiko langu alale. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu na msimamizi wa ardhi ya ukoo, akamwonyesha kipande cha kulima maharage. Maharage tu. Akasema mbele yetu sote kwamba yakishavunwa, mgeni naye aangalie njia yake.

Huku kwetu hilo halihitaji maelezo. Mgeni analima maharage, anavuna, anaenda. Migomba ni ya mwenyeji. Ukimruhusu mtu apande mgomba umempa mahali, maana mgomba unaacha watoto, na hao wanaacha wengine, na hakuna mwenye haya atakayemfukuza mtu katikati ya migomba yake. Ndiyo maana mgeni hapewi mche kirahisi.

Wanaopita barabarani na mizigo yao husema ni vita vilivyowanyima nyumba. Nakubali nusu tu. Moto uliichoma nyumba ya Mama Zawadi siku moja. Nyumba ya miti na majani tunaijenga kwa siku chache, majirani wakiitwa na pombe ikiwepo, na msitu wetu haujawahi kumnyima mtu miti. Mbona basi miezi yote hii analala jikoni kwangu? Kwa sababu hana mahali pa kuchimbia nguzo ya kwanza.

Jana jioni, tukipepeta maharage, alinisimulia. Yeye na mumewe walianzia Kingi, wageni wa watu. Watoto wa mwenyeji wakakua, wakataka shamba, na wao wawili wakalazimika kuhama. Burungu walikaa vizuri zaidi. Mwenyeji wao wa kule aliwahi hata kuwaletea miche ya migomba, kwa hiari yake.

Walikataa.

"Tuliogopa waseme tunataka kuchukua udongo yao," aliniambia. "Tulitaka waone tuko wageni wazuri."

Nilitua ungo chini. Mumewe akafa, moto ukaja, na aliporudi kuangalia majivu akakuta ng'ombe wa mtu mwingine wanachungwa pale. Hakuwa na hata kisiki cha kuonyesha kwamba aliishi hapo. Nilikasirika, naandika wazi, nikakasirikia ile adabu yao. Wageni wazuri. Wazuri mpaka wakafutika.

Usiku nilimwambia mume wangu ninachotaka kufanya. Alikohoa, akasema, "Kaka atakasirika." Nikamjibu kaka yake hukasirika hata mvua ikinyesha vizuri. Akageukia ukuta.

Asubuhi nilimkuta Mama Zawadi anafunga mkeka wake kwa kamba. Nilichukua jembe nikaenda nyuma ya jiko, kwenye mteremko ambao marehemu baba mkwe alinipa nilipomzaa Bahati, nikaanza kung'oa miche kwenye migomba niliyopanda kwa mikono yangu. Niliposimama kunyoosha mgongo nikaona mume wangu yuko upande wa chini, ukungu umemfunika mpaka kiunoni, anachimba mashimo. Nampenda sana mtu huyu anaponyamaza.

Mama Zawadi hakutaka kuugusa mche.

"Hapana, Mama Bahati. Itatuletea maneno."

"Maneno iko yangu. Wewe panda."

Akapiga magoti, akapanda. Mche wa kwanza aliushika kwa muda mrefu kabla ya kuufukia.

Shemeji alitokea jua lilipowaka.

"Nani alimupa ndizi?"

"Mimi, Papa," nikamjibu kwa heshima. "Hapa ndio mahali baba alinipatia."

Alilijua hilo, alikuwepo siku ile. Akamtazama ndugu yake, na ndugu yake akaendelea kuchimba. Akakunja uso, akaupitia mstari wote, shimo kwa shimo, mikono nyuma. Nilikuwa tayari kumzuia asing'oe hata mmoja.

"Mashimo iko karibu-karibu," akasema mwishowe. "Zitakosa nafasi."

Akaenda zake. Hakubariki, wala sitasema alibariki. Lakini mtu hasahihishi mashimo ya mche anaotaka kuung'oa. Tulisogeza miche kama alivyosema, na mume wangu akacheka peke yake.

Najua kuna wakimbizi wengine wanalala kanisani, na mteremko wangu ni mmoja. Jumapili baada ya sala nitasema na wanawake wenzangu wenye migomba yao. Wengine watanikwepa. Nina mdomo wa kutosha kuwafuata.

Jioni hii Mama Zawadi amefungua mkeka. Tulikaa tukitazama ile miche, iliyolegea kama kawaida ya siku ya kwanza.

"Hizi zitazaa wakati gani?"

Nikamwambia mwaka ujao, mvua ikirudi. Tangu amekuja sijamsikia akiuliza jambo lililo mbali kuliko mavuno. Akaitazama tena miche, kisha akanionyesha kwa kidole.

"Basi jiko yangu nitaiweka ule upande. Moshi isifikie ndizi."

Alfajiri tunaingia msituni kukata nguzo.