Fatiha Niliyomsomea Bibi Madlen

Lyon, Jumapili

Dada yangu Zainaba,

Shikamoo. Hapo Moroni wote wazima? Goti lako je, limeacha kukusumbua? Mimi ni mzima, ila nimechoka, dada, nimechoka mpaka kope. Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Unguja tulichokulia, ili wanaopenda kuchungulia barua za watu waambulie patupu.

Barua yako imefika. Mwanao Fatima anafanyiwa ndoa kubwa ya kwetu, na mjomba wa kusimama naye aliyebaki ni mimi peke yangu! Niliruka jikoni kwa furaha. Kisha nikakaa chini, maana miezi hiyohiyo nitakuwa njiani.

Njiani wapi? Bibi Madlen, huyu mzee ninayempikia, tangu afiwe na mumewe anataka kwenda Hispania kuzuru kaburi la mtakatifu wao Yakobo, tena kwa miguu. Treni ipo, hataki. Kila asubuhi ananipandisha mlimani na mfuko wa viazi mgongoni, eti tujizoeze. Tukirudi, viazi vilevile navimenya mimi. Jioni anatandaza ramani juu ya meza yangu yenye unga, anauliza tulale wapi, tubebe nini. Miguu yake imevimba, yangu ina malengelenge, na bado hatujaanza. Yarabi!

Siku alipokata shauri aliniambia, "Mmadi, tuombe Mungu safari iwe njema." Nami kwa mazoea tu nikainua mikono, nikasoma Fatiha mpaka amina. Kwake ilikuwa dua. Kwetu unajua mwenyewe, jambo likishasomewa Fatiha limefungwa. Nilishtuka mikono ikiwa bado usoni.

Nikamwandikia Ba mdogo kule Mutsamudu, maana yeye anasomesha Kurani, nikitumai atanitafutia mlango wa kutokea. Alinijibu mstari mmoja: "Uliisoma wewe, au ulisomewa?" Basi, niliisoma mimi.

Bibi nilipomweleza habari ya harusi alisema, "Nenda kwenu kapande meli, mimi nitakwenda peke yangu." Anasema hivyo na kuinama kufunga viatu hawezi. Hana mtoto, hana ndugu. Nikamfungia mimi.

Dada, msiahirishe. Mwombe Ba mdogo avuke aje Moroni asimame mahali pangu. Najua watasema, mjomba gani huyu anayemwacha mtoto wa dada yake na kwenda kutembea na mzee wa Kizungu? Waache waseme. Inaniuma, nimelia kama mtoto.

Nisalimie shemeji, na shangazi wa Itsandra aliyetulea kule Unguja, mwambie dua zake nazihitaji kuanzia vidoleni. Na majirani wa Magoudjou, hata wale wachunguliaji.

Fatima ukimwambia nimebanwa na kazi, atanuna kidogo halafu atasahau. Usimwambie hivyo. Mwambie mjomba wake alisoma Fatiha. Atalia sana, lakini atajua kwa nini sikuja.

Mdogo wako anayekukumbuka kila anapovua viatu,
Mmadi