Samansi ya Baba

Barking, London
12 Machi 2023

Baba mpendwa,

Nakusalimu sana. Je, goti limepoa, ama bado linakusumbua asubuhi? Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanitesa. Nyumba yetu bado naiona akilini, vile ilivyojaa watu siku tuliyomzika mama.

Nimehama Tottenham. Sasa naishi hapa Barking na Makena, yule Mmeru niliyesoma naye. Kazi ni ileile, kuwahudumia wazee katika makao yao.

Uliniuliza siku ile fedha za jeneza, mabasi na mahema zilitoka wapi. Baba, nilikuwa na akiba. Watu wakijua una mtoto Ulaya, hawakubali mazishi ya chai na mkate. Usiwe na wasiwasi.

Namba ya simu nimebadilisha. Nitakutumia mpya.

Binti yako,
Mghoi


Voi
20 Aprili 2023

Mwanangu Mghoi,

Nimefurahi kusikia u mzima. Goti langu ni la uzee, nitazikwa nalo. Mvua imenyesha na kunde za mama yako zimeota zenyewe. Nilisimama nikazitazama, nikashindwa kuzichuma.

Namba mpya sijaiona, na ya zamani haipatikani.

Kuhusu akiba sisemi mengi. Nilipelekea watu samansi za kuitwa kortini miaka thelathini, najua mtu anayeficha jambo. Unakumbuka likizo zile nilipokupakia kwenye baiskeli? Yule mwenye duka aliponiona alijifungia chooni, ukacheka mpaka ukashikwa na kwikwi. Wengi walinikwepa, na kesi nyingine zilikufa hivyohivyo. Lakini niliwaambia wote: samansi haimli anayeipokea. Nawe nakuambia.

Baba yako


Voi
6 Novemba 2023

Mghoi,

Hujambo mwanangu? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. M-Pesa yako inafika kila mwezi, asante, lakini M-Pesa haina sauti.

Akina mama wa kikundi cha kanisani wamenirudishia hisa za mama yako, fedha alizokuwa akiweka kwao. Si nyingi. Nimewaza hivi: kama mazishi yale yalikuwa ya deni, basi hizi ni zako, zilipunguze. Sitakuuliza kitu. Niandikie neno moja tu, ndiyo, nami nitazituma. Nitasubiri mpaka Krismasi.

Baba yako


Barking, London
18 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali, lakini nauliza. Mimi mwili ni mzima.

Sikuwa na akiba. Mazishi ya mama niliyalipia kwa kadi ya mkopo ya benki, nikidhani nitalipa polepole. Riba ikanizidi. Wakawa wananipigia hata nikiwa namlisha mgonjwa, nikaifunga namba. Kisha zikaanza bahasha. Nikafanya kama yule mwenye duka. Kila bahasha yenye jina langu niliitia katika mfuko chini ya kitanda bila kuifungua. Nilijiambia kwamba wasiponipata, kesi itakufa.

Huku hakuna mtu wa baiskeli, baba. Barua ikishatumwa, wanahesabu umeipokea. Kesi iliamuliwa bila mimi. Februari aliniita Harish wa ofisi ya mishahara, Mhindi aliyezaliwa Kisumu. Akafunga mlango, akaniambia mahakama imeamuru nikatwe mshahara kila mwezi kabla haujanifikia. Nikasema naacha kazi.

"Dada, hiyo amri itakufuata popote," akanijibu kwa Kiswahili. "Kaa hapa, andikia korti. Pengine watapunguza."

Aliyasema kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko makato yenyewe. Kinachobaki ni kodi ya chumba na nauli ya basi. Ndiyo maana M-Pesa ilikatika. Niliona aibu kukuambia.

Nimechukua miezi mizima kupata moyo wa kufuata ushauri wake. Jana niliumwaga mfuko ule kitandani nitafute karatasi za korti, na ndani yake nikakuta barua yako ya Novemba. Sikuwa nimetazama hata mwandiko. Nililia mpaka Makena akaja kugonga mlango.

Jibu langu ni ndiyo, kama bado linafaa.

Binti yako,
Mghoi


Voi
10 Septemba 2024

Mghoi,

Nashukuru kwamba u hai. Naanza hapo kwa sababu hilo sikuwa na hakika nalo.

Hisa hazipo. M-Pesa ilipokatika Februari nilingoja, Machi nikangoja tena. Kisha nikazichukua, nikapanda treni hadi Nairobi kuomba viza nije nikutafute. Katika kazi yangu sikuwahi kumkosa mtu niliyetumwa kwake. Niliona nitaanza na anwani hiyo ya Barking, niulize majirani. Walininyima. Nikaomba mara ya pili, wakaninyima tena, na ada zao hazirudishwi. Hawaamini kwamba mzee asiye na kitu atarudi kwao.

Nilikasirika, na bado nimekasirika, sikufichi. Si kwa ajili ya deni, maana deni la kumzika mama yako ni letu sote. Ni kwamba ulinitia mimi na wanaokudai katika mfuko mmoja.

Makato, acha wakate. Usitume kitu mpaka yaishe. Nina mbuzi, na mwaka huu kunde nimezichuma.

Humu nimekuwekea karatasi ndogo, kama zile nilizowapa watu watie sahihi. Andika tarehe na jina lako, uirudishe. Nitakutumia moja kila mwezi. Isiporudi sijui nitafanya nini, kwa maana viza sina, na hisa za mama yako zilikuwa zile tu.

Baba yako


Barking, London
27 Septemba 2024

Mimi Mghoi, binti wa Mzee Mwakio wa Voi, nimeipokea barua ya baba yangu leo, kwa mkono wangu, nikaisoma yote.

Namba ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Hata nikiwa kazini, piga.

Sahihi:
Mghoi, binti yako