Bibi Alilia Njiani

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tangu tukuzike, mvua imenyesha vizuri huku Chome na tangawizi yako imeota. Binti yako Nietiwe amehamia chumbani kwako. Blanketi lako hataki lifuliwe.

Juzi ukoo ulikaa kikao kuhusu shamba lako, lile ulilorithi kwa Bibi. Baba mdogo alitaka apewe mwanawe wa kiume. Hakusema kwa ubaya, Shangazi. Mdogo wako amezeeka, na anamfikiria kijana wake anayehangaika Hedaru bila kazi.

Akasema, "Mama yetu alitembea na wanawake wenzake hadi Same kumkabili mkoloni juu ya kodi. Hakuogopa mtu. Ardhi yake inataka mwanaume wa kuisimamia."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Bibi ndiye shujaa wetu, nani angebisha? Nietiwe akainamisha uso. Mimi nikasimama. Sikuwahi kusema neno mbele ya kikao.

Nikawaeleza ulichonisimulia siku ile tukichambua maharage. Kwamba Bibi alikuwa amekubeba wewe mgongoni, ungali mchanga, na walipoanza kuteremka mlima aliketi kando ya njia akalia. Aliogopa askari. Alitaka kurudi. Mwenzake mmoja akakupokea wewe, na Bibi akajifuta machozi, akaendelea. Uliniambia, "Ndiyo maana nampenda. Asingeogopa, ningemsifu tu kama wanavyomsifu wengine. Lakini aliogopa kama mimi, na bado akaenda."

Nikasema, "Baba mdogo, Bibi huyo huyo alimwachia shamba binti yake. Nietiwe naye ni binti, na ndiye aliyemuuguza mama yake."

Baba mdogo akavua kofia.

"Mama alilia?" akaniuliza. "Mimi maisha yangu yote nimejiona mwoga kwa sababu yake."

Nietiwe akahama alipokuwa, akakaa karibu naye, akamshika mkono.

Shamba limebaki kwa Nietiwe. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyetamka. Kijana wake atakuja kulima naye upande wa chini, na Nietiwe amefurahi kupata msaidizi.

Niliporudi nyumbani nikatambua kitu. Pale niliposimama sikuwa nikimfikiria Bibi. Bibi sikuwahi kumwona maishani. Nilikuwa nakufikiria wewe, ulivyomsimulia na machozi yake bila kumwonea aibu... Shangazi, kumbe shujaa wangu nilikuwa nakaa naye jikoni.

Siku ya mazishi nilishughulika na wageni, sikukuaga. Nakuaga sasa. Nakuahidi kwamba mtu wetu akionewa nami nipo, nitasema, hata kama sauti inatetemeka.

Pumzika, Shangazi. Umetulea vya kutosha.

Mtoto wa kaka yako,
Nakijwa