Namba za maji ya mikojo

Kashuga, siku ya ine ya juma

Sikujua kama mikojo inaweza kuuwisha muntu.

Nilikuwa napima maji ya basen, shimo yenye kusafisha mikojo ya vyoo vya kampi ya wakimbizi. Kila asubui naandika namba mu kaye, daftari yangu. Injinia wa Goma anafanya nayo kalkile, hesabu yake, ajue kama sumu ya mikojo inaisha mbele ya maji kushuka ku muto. Watoto yangu wanakunywa kule. Ile sumu aliipa jina NO3.

Watu wa bunduki wakafika. Mukubwa wao akafungua kaye.

«NO3, kumi na mbili. Hii ni kikosi gani, Papa?»

«Ni mikojo, shefu.»

Wakacheka. «Askari kumi na mbili wa mikojo!»

Wakanilalisha chini. Anasoma namba moja, wananipiga fimbo. Anasoma ingine, wanapiga tena. Mpaka paje ya mwisho ya kaye. Kisha wakachoma kaye.

Mugongo imepasuka. Tangu mama ya watoto alikufa, hakuna wa kuniosha nyuma.

Lakini injinia atapata namba zake. Naziandika hapa sasa, zote ziko mu kichwa. Kila moja ilikuja na fimbo yake.