Ngozi ya Kumbebea Mjukuu Wako

Baba Elia,

Wewe mwanaume huna haya. Mvua ya pili hii tangu tukuzike, na ndotoni kwangu umekuja mara moja tu, tena ukasimama mlangoni kama mtoza kodi, ukaondoka. Ulipokuwa hai nilikuwa nakutuma dukani asubuhi unarudi jioni, hilo nililizoea. Hili la sasa limezidi. Nimechoka kungoja, ndiyo maana nakuandikia. Kalamu kashika Mariamu, kitindamimba wako, maana mimi kalamu sijawahi kuishika. Nimemwambia aandike nisemavyo, asinipambie.

Mariamu ana mimba, Baba Elia. Tumbo limeshakuwa kubwa.

Mwezi uliopita nilikwenda naye Dar es Salaam, hospitali kubwa, kwa sababu pale Dodoma mjini waliona jambo wakashindwa kulisema. Kule daktari, binti mdogo tu, akampaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kidude, mtoto akaonekana kwenye kioo kama televisheni hizi zilizojaa madukani siku hizi. Wa kiume. Anarusha miguu. Nikacheka. Binti yule hakucheka. Akasema moyo wa mtoto una tundu, na mshipa wa kupeleka damu mapafuni ni mwembamba. Akizaliwa atakuwa akinyonya anachoka, jasho linamtoka kichwani, midomo inageuka zambarau.

Nilikaa chini. Si kwenye kiti, sakafuni. Alikuwa ananisimulia Elia wetu, na wala hajawahi kumwona.

Unakumbuka. Ulikuwa unatoka kukamua alfajiri mikono baridi, unaota moto kwanza mafigani ndipo umshike. "Mtoto asishtuke," unasema. Unanishikia kichwa chake kikae juu, ananyonya kidogo, anapumzika, na jasho lile. Watu wakasema karogwa. Wengine wakasema maziwa yangu ni mabaya. Wewe ukasema, "Maziwa ya mke wangu hayana kosa," ukaenda kumchimbia kaburi mwenyewe, hukutaka mtu mwingine ashike jembe. Miaka yote hii nakuita kwa jina lake, na sasa ndipo nimejua kilichomuua. Nilitaka ukisikie kwangu. Ni tundu, Baba Elia. Tundu tu.

Mariamu ameacha kuandika. Ngoja anawe uso.

Basi niliporudi Mpwapwa nikafanya jambo ambalo kwetu halifanyiki. Unajua mtoto haandaliwi kabla hajalia. Mimi huyu nimemwandalia. Nimechinja yule mbuzi mweupe, nimeiwamba ngozi, nimeikwangua kwa jiwe lako, na sasa kila jioni naipaka mafuta ya nyonyo naikanda. Haijalainika kama zako. Mariamu anasema sokoni vitenge vimejaa, na kwenye mitumba kuna hadi mikoba ya kubebea watoto. Hayo yake. Mimi nabeba kwa ngozi. Dada yako alipoiona alishika kichwa: "Wifi, unamchuria mtoto." Nikamwambia uchuro ulishafika kabla yake, akae anywe uji. Akakaa, amenuna. Uji ulipokwisha akaivuta ile ngozi mapajani kwake, akaanza kukanda naye.

Siku ile hospitali nilimuuliza daktari kama mtoto wa namna hiyo anabebeka mgongoni. Akasema atazaliwa kule kule karibu na mashine, na akipata nguvu watatafuta njia ya kumpasua, pengine nje ya nchi. "Kidonda kikipona, bibi, utambeba." Alisema hivyo huku anakunjakunja karatasi yake. Sikumuuliza tena. Nilirudi nyumbani kukanda ngozi.

Jambo la mwisho ni jina. Watu wanasema mtoto aitwe wewe, kwa kuwa ndiwe mkubwa wetu uliyetangulia. Nimekataa. Usinune. Naogopa utamwona ni wako. Lakini nakuahidi: siku nitakayomfunga mgongoni kwa ngozi hii, kovu lake kifuani, nitamwita jina lako kwa sauti kijiji kizima kisikie, nimlete kaburini umtazame. Kabla ya hapo jina hulipati.

Lala, mzee wangu. Kama unatamani mtoto wa kubeba, Elia yuko huko. Mbebe huyo. Mwinue kichwa.

Na ukija tena, usisimame mlangoni kama mgeni. Pitia jikoni, moto nitauacha nimeufukia. Ufukue, uote mpaka mikono ipate joto. Kisha mchungulie mtoto, usimshike. Na ukiondoka, ondoka peke yako.