Pale Mbithi Anaponyamaza

Kinoo, Jumapili

Kwa Mama Mbithi,

Sisi ni wazima. Wajina wako Nzula ameota jino la nne, na yale mahindi yako tulipika githeri.

Muigai na wale wenzake wawili wa saksafoni wamemaliza albamu waliyoianza na Mbithi. Yeye tulimzika kabla hajaingia studio. Sehemu yake iko tu kwa simu yangu, akifanya mazoezi hapa nyumbani. Katikati nasikika nikiita, "Baba Nzula, shika mtoto, maziwa inamwagika." Basi anaacha kupuliza, anakuja.

Muigai aliniuliza, "Shemeji, tumpe mtu mwingine aipige upya, ama tukate tu sauti yako?"

Nikamwambia, "Acheni vile iko."

Wakaacha. Hata wao hunyamaza hapo, kama wanamngoja.

Mama, mimi bado sijalia. Naisikiliza nikifua nguo, vile mtu husikiliza redio. Lakini ikifika pale anaponyamaza, napangusa mikono, nambeba Nzula mpaka muziki urudi.

Ni mimi mkaza mwanao,
Waceke