Wito wa Marehemu Severin

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, Innarsulik
Kuhusu: kupotea kwa Bibiane Zeeb barafuni, na mbwa mmoja kupigwa risasi
Jina: Enos Tobiassen
Umri: miaka 66
Kazi: mwindaji, mkufunzi wa mbwa wa kuvuta na waendeshaji wao
Makazi: Innarsulik, nyumba ya kijani juu ya kiwanda cha samaki. Naishi peke yangu.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa kwamba nina haki ya kunyamaza. Nimenyamaza tangu Ijumaa na haikunisaidia kitu, kwa hiyo nasema.

Mnamo tarehe 12 Machi 2019, saa tatu asubuhi, niliondoka hapa na wanafunzi wawili, kwa sleji zinazovutwa na mbwa juu ya bahari iliyoganda, kwenda kwenye kibanda cha wawindaji kilichoko karibu na mlango wa mto, kwa kambi ya siku nne. Kambi hiyo naifanya kila Machi, kuwafundisha mbwa kuvuta na watu wazima kuacha kiherehere. Zamani walikuja watu kumi, kibanda kikanuka miguu hadi usingizi ukagoma. Mwaka huu wamekuja wawili. Wengine wamenunua pikipiki za theluji.

Wa kwanza ni Pavia Jerimiassen, muuza duka, mwenye mbwa wachanga sita na maneno mengi. Wa pili ni Bibiane Zeeb, miaka thelathini na minne, msaidizi wa zahanati. Ni binti wa marehemu Severin Zeeb, aliyefariki Julai mwaka jana. Mimi na Severin tuliwinda pamoja tangu ndevu hazijatuota. Alimwachia bintiye mbwa tisa, wote wakubwa, na wote wamemzoea mtu mmoja tu.

Afande ametoka kusini kusiko na mbwa wa kuvuta, kwa hiyo ameniomba nieleze. Mbwa wasio na mwendeshaji hatuwaweki. Mbwa wa kuvuta akikaa kwenye mnyororo mwaka mzima anaharibika akili, na kumwacha hivyo ni ukatili. Kazi ya kuwamaliza huifanya aliyekuwa akiwinda na marehemu. Bibiane aliwalisha majira yote ya baridi, kisha Februari akaja kwangu. Alisimama mlangoni, hakuvua hata kofia. Akasema, "Baba mdogo, kambi ikiisha bila mimi kuweza kuwaendesha, utawapiga risasi wewe. Sitaki mtu mwingine awaguse." Nilikubali. Ningesema nini?

Siku mbili za kwanza mbwa walimgomea. Alipowaita waondoke, waligeuza vichwa wakatazama nyuma yake, kama vile kuna mtu anakuja. Pavia akasema wanamsubiri dereva. Nilimwambia afunge mdomo, na nashukuru alifunga. Jioni Bibiane alikula nyama kidogo ya sili, mnyama wa baharini, akatoka kukaa nao nje. Nilimsikia anawasemesha kwa upole, jinsi anavyowasemesha wagonjwa. Nilimfuata nikamwambia asiwabembeleze, mbwa anataka kuamriwa. Akanijibu, "Sauti yangu ndiyo hii, baba mdogo. Sina nyingine."

Hapa lazima niseme kuhusu wito. Kila mwindaji wa kwetu ana namna yake ya kuwaita mbwa. Wa Severin ulianza chini, ukapanda mrefu, ukaishia na vikohozi viwili vya kooni. Nimekaa nyuma ya sauti ile miaka mingi, na naweza kuutoa mpaka mkewe, alipokuwa hai, aliwahi kubandika birika akidhani mumewe amerudi. Tulicheka sana siku ile. Lakini kwetu wito wa mtu huzikwa na mwenyewe, na anayeuokota anaonekana hana adabu. Kwa hiyo siku zile mbili nilifumba mdomo wangu, nikawatazama mbwa ambao ningewapiga risasi Jumamosi.

Mnamo tarehe 14 Machi, saa saba mchana, ukungu uliingia. Tulikuwa tunarudi kibandani. Mimi nilikuwa mbele, Pavia akifuata, Bibiane mwisho. Mbwa wake walikwenda kwa sababu tu waliwafuata wa kwangu.

Mbwa wetu hukimbia wametawanyika, kila mmoja na kamba yake, na wanabadilishana nafasi, hivyo kamba zinajisuka zenyewe. Kila baada ya muda lazima usimame, uzifungue zote kwenye sleji na kuzifumua kwa vidole vitupu. Nilikuwa nimemfundisha Bibiane: laza mbwa, pindua sleji ubavu, funga fundo la kamba kwenye sleji kwa kamba nyingine, ndipo ufungue. Aliwalaza, akapindua sleji, akafungua, ila fundo alilishika mkononi. Mbwa walisikia wa kwangu wakibweka mbele, wakainuka wote kwa pamoja. Hakuna binadamu wa kuwashika mbwa tisa. Walimburura kidogo, akaachia. Kisha akafanya ambalo nawakataza wanafunzi hata kabla hawajanywa chai ya kwanza: aliiacha sleji akawafuata kwa miguu.

Mimi sikujua. Niliposimama kuwasubiri, alitokea Pavia peke yake. Tulirudi nyuma tukaikuta sleji imelala ubavu na glavu moja juu yake. Nyayo za Bibiane ziliwafuata mbwa kuelekea mlango wa mto, ambako maji yanakula barafu kwa chini. Nilimwacha Pavia pale na mbwa wetu, nikamwagiza aite msaada kwa simu ya upepo, na ndiyo maana watu wa uokoaji walitoka. Waliitwa kwa haki, si kwa mzaha.

Nilikwenda na ufito wa kupimia barafu. Nilimwita Bibiane kwa jina mpaka koo likakauka. Hakuitika. Mbele ufito ulianza kuzama na kutoka na maji, na mimi ni mzito kuliko yeye. Nikajua siwezi kusogea zaidi. Lakini yeye alikuwa anawafuata mbwa. Mbwa wakitoka kule, naye atatoka. Na wito waliokuwa wanautii ulikuwa mmoja.

Niliutoa. Ulitoka mzima, na vikohozi vyake. Niliutoa mara tatu, na ule wa tatu niligeuka mwenyewe kutazama nani anaita. Nasema wazi, nilimkumbuka Severin.

Walikuja mbwa wanane, dume kubwa jeusi mbele. Walininusa mikono, wakanizunguka, wakaenda kunusa nyuma yangu, kisha wakalala. Wa tisa, Miteq, jike aliyewaongoza, hakuja. Alikuwa mzee, aliyelala na Severin tumbo kwa mgongo kwenye dhoruba nyingi. Nafikiri yeye alijua kwamba si mwenyewe. Aligeuka akaenda nyumbani.

Baada ya muda nilisikia mtu anakimbia. Alitokea Bibiane kwenye ukungu, suruali imeganda hadi pajani, mkono mmoja mtupu. Alikuwa na uso ambao sijauona tangu akiwa mtoto, anashuka gatini kumpokea babake. Alipokaribia alisimama.

Akauliza, "Ni wewe?"

Nikasema ni mimi.

"Siku zote hizi ulikuwa unaweza?"

Nikasema ndiyo.

Alikaa chini katikati ya mbwa. Nilimvua kiatu, nikauweka mguu wake tumboni kwangu chini ya koti ili upate joto, naye akaniachia kama mtu anavyomwachia daktari. Hakulia. Alisema, "Nilikuwa nimeshaacha kumsubiri. Imenichukua miezi minane." Nilikaza koti juu ya mguu wake. Kisha akasema, "Usimwite tena, baba mdogo. Hata kwa mbwa. Hata ukiwa peke yako nyumbani."

Nilimwahidi. Sijui alijuaje habari ya nyumbani.

Kuhusu Miteq: sikuwapo. Gaba, mkamata mbwa wa hapa, amenieleza kwamba alimkuta siku hiyohiyo saa kumi na moja jioni hana mnyororo wala mtu, akampiga risasi. Ndiyo kanuni yetu kwa mbwa mkubwa aliyefunguka, kwa ajili ya watoto, na sheria ni msumeno. Simlaumu Gaba. Naomba tu iandikwe kwamba mbwa hakuwa anamkimbiza mtu. Gaba mwenyewe anasema mbwa alikuwa amelala kwenye ngazi ya nyumba ya Severin.

Mnamo tarehe 15 Machi asubuhi tulifunga safari ya kurudi. Sasa mbwa wa Bibiane hawakutazama nyuma yake tena. Walinitazama mimi. Niliona nimemharibia kazi yote. Aliniambia nitangulie na Pavia na nisigeuke hata iweje. Tukaenda. Tulikuwa mbali tuliposikia anawafokea mbwa. Aliwatukana wao na mama zao kwa maneno ambayo hayasemwi zahanati, sauti inakatika, inaanza tena. Pavia akacheka, kisha akaacha. Halafu nikasikia sleji inakuja.

Alitupita kabla ya rasi, mbwa wanane, dume jeusi mbele. Hakuinua mkono. Nilifurahi, naapa, maana kazi niliyoahidi Februari ilikuwa imekufa yenyewe. Nilifurahi nikiwa nyuma yake mpaka akawa haonekani tena.

Kila Jumapili tangu msiba alikuwa ananiletea samaki mkavu tukala pamoja. Jana hakuja. Niliweka sahani mbili, nikasubiri mpaka chai ikapoa, nikarudisha moja kabatini. Simlalamikii. Nimeulizwa kama kuna jingine la kuongeza, na hilo ndilo pekee.

Haya nimeyasema kwa hiari yangu, nimesomewa, nimeona ni yenyewe.

(Sahihi) E. Tobiassen
18 Machi 2019

Maelezo ya ofisa: Yamechukuliwa nami, Koplo Malene Grønvold, kuanzia saa nne hadi saa tano na nusu asubuhi. Shahidi aliombwa autoe wito uliotajwa ili urekodiwe kwa ajili ya jalada. Alikataa, akisema ameahidi. Baada ya kutia sahihi aliuliza kama anaruhusiwa kukaa kidogo, kwa kuwa hapa kuna mtu. Aliruhusiwa. Aliondoka saa kumi, nilipofunga kituo.